Kujifunza Kuna Milango Mingi

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na walimu wa chuo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyempa mwanadamu masikio, macho na moyo wa kufahamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyekuwa mwalimu mpole kwa wakubwa na kwa wadogo.



Katika vyuo vingi vya Kurani juma la masomo hufungwa Jumatano jioni na kufunguliwa Jumamosi asubuhi. Jumatano mtoto husimama mbele ya mwalimu, akasoma sura yake toka mwanzo hata mwisho pasipo kukosa herufi, na mwalimu akamwombea baraka. Jumamosi mtoto yuyo huyo huitwa, akafungua kinywa, na aya ya tatu ikampotea. Mwalimu hukasirika, kwani aliisikia kwa masikio yake sura ile ikisomwa sawasawa. Husema, "Huyu alikwenda kucheza." Baba huambiwa kwamba mwanawe ni mvivu, na pengine kwamba kichwa chake ni kizito. Henzerani hushuka. Wako katika watoto hao ambao baada ya miaka miwili mitatu hawaonekani tena chuoni wala skuli, nao huishi hata uzee wakiamini kwamba Mungu hakuwaumbia kusoma.

Je, hukumu hiyo ni ya haki? Kabla ya kukata shauri kwamba mtoto hakujifunza, yapasa ijulikane kwanza kujifunza ni kitu gani. Swali hili limewashughulisha wajuzi wa elimu ya nafsi, iitwayo siku hizi saikolojia, kwa muda wa miaka mia na arobaini hivi. Wamelijibu kwa njia mbalimbali, na wengine wamepingana vikali. Faida ya kuyapima maneno yao si kujua majina ya wageni. Faida yake ni kuwa mwalimu anayejua mlango mmoja tu wa kujifunza humhukumu mtoto kwa mlango huo mmoja, na mara nyingi humdhulumu bila kukusudia.

Wa kwanza wa kutajwa ni Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, ambaye kitabu chake juu ya kumbukumbu kilipigwa chapa mwaka 1885. Hakuwa na darasa la kulipima, basi alijipima nafsi yake. Alitunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana, akazipanga safu safu, na kila safu akaisoma kwa mwendo mmoja mpaka akaweza kuisema bila kosa. Halafu aliiacha kwa muda, akairudia, akatazama ni sehemu gani ya kazi ya mwanzo iliyokuwa imebaki kumfaa. Baada ya dakika 20 iliyobaki ilikuwa kiasi cha 58 katika mia. Baada ya saa moja ilikuwa 44; baada ya siku moja, 34; baada ya siku 6, 25; na baada ya siku 31, 21. Kumbe kusahau huenda mbio sana mwanzoni, kisha hupunguza mwendo.

Basi mtoto wa Jumamosi hakuwa na haja ya kwenda kucheza ili asahau. Ilitosha siku mbili zipite naye asidurusi. Yaliyompata ndiyo yaliyompata bingwa yule, mtu mzima, aliyejifunza kwa hiari yake na bila mtu wa kumchapa.

Ebbinghaus aliona na mambo mengine mawili. La kwanza, safu ya silabi 12 aliyoirudia mara 68 mfululizo kwa siku moja haikukaa vizuri kuliko ile aliyoirudia mara 38 zilizogawanywa katika siku tatu. Kurudia kidogo kidogo kwa siku nyingi kumeshinda kurudia kwingi kwa siku moja. La pili, alipohifadhi beti za shairi la Kiingereza, ambalo maana yake aliifahamu, kazi ilikuwa kiasi cha sehemu moja katika kumi ya kazi ya silabi tupu. Jambo hili lataka kuzingatiwa kwa ajili ya watoto wasiojua Kiarabu. Maneno wanayohifadhi ni matukufu na maana yake ni kubwa, walakini humfikia mtoto sikioni kama sauti tupu, kwa kuwa hana ufunguo wa lugha. Mzigo anaobebeshwa ni mzito mara nyingi kuliko wa mtoto wa Kiarabu, naye hupimwa kwa mizani ile ile.

Wajuzi wa karibuni wameongeza jingine juu ya hayo. Mwaka 2006, nchini Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi waisome. Kundi moja likairudia kuisoma; kundi la pili likanyimwa karatasi, likaambiwa liandike linayoyakumbuka. Baada ya dakika 5 walioirudia kuisoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka walikuwa na 56 katika mia ya habari ile, na waliorudia kusoma walikuwa na 42. Maana yake ni kwamba kusomeshwa mbele ya mwalimu si mtihani tu. Ni sehemu ya kujifunza kwenyewe. Mtoto anaposita, akatafuta aya moyoni mwake, hapo ndipo anapojifunza zaidi. Mwalimu anayempiga wakati huo humpiga katikati ya kazi ile ile anayotaka ifanyike.

Walakini Ebbinghaus alitazama kuhifadhi peke yake. Hakueleza kwa nini mtoto mmoja hukipenda chuo, na mwingine tumbo humsokota aonapo mlango wake. Hilo lataka mlango wa pili.

Ivan Pavlov alikuwa mjuzi wa viungo vya mwili katika mji wa Saint Petersburg, Urusi, naye alipata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kuchunguza jinsi chakula kisagwavyo tumboni. Katika kazi hiyo aliona mbwa wake wakitokwa na mate kabla ya chakula kufika kinywani. Akafanya majaribio. Sauti ililia, chakula kikaletwa. Ikalia tena, kikaletwa tena. Hata mwisho sauti peke yake ikaleta mate. Mambo mawili yaliyokuja pamoja mara nyingi yalikuwa yamefungamana, na la kwanza likawa ishara ya la pili. Mbwa hakuliamua jambo hilo wala hakulifikiri. Lilimwingia tu.

Mwaka 1920, katika mji wa Baltimore, Marekani, John Watson na Rosalie Rayner walijaribu jambo kama hilo kwa mtoto mchanga wa miezi 11, aliyeitwa Albert katika maandishi yao. Mtoto yule hakumwogopa panya mweupe, alimnyooshea mkono. Basi kila alipomgusa panya, chuma kiligongwa kwa nyundo nyuma ya kichwa chake. Haikuchukua muda mrefu, alipomwona panya tu, bila kelele yoyote, alilia na kutambaa akimkimbia. Na hofu ile haikukaa kwa panya. Ilienea kwa sungura, kwa mbwa, na hata kwa koti la manyoya. Mtoto akaondolewa hospitalini kabla hofu haijatolewa. Jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa leo, na ni haki lisiruhusiwe.

Lakini lile lisiloruhusiwa katika maabara hufanywa katika vyuo na katika skuli na watu wasiojua kwamba wanalifanya. Kitabu kikifunguliwa na henzerani ikashuka, kikafunguliwa tena na ikashuka tena, kitabu huwa ishara ya maumivu. Na hofu hiyo nayo haikai kwenye kitabu kimoja. Huenda kwa mwalimu, huenda kwa jengo, huenda kwa kila chenye maandishi. Mwalimu alikusudia kufundisha sura, na mtoto amejifunza kuogopa. Tena amejifunza kweli, na katika somo hilo hakuwa mzito hata kidogo.

Dawa yake pia ilionekana. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alieleza habari za mtoto aitwaye Peter, wa umri wa karibu miaka mitatu, aliyeogopa sungura. Bibi huyu hakumkemea wala hakumlazimisha. Alimketisha kula chakula akipendacho, na sungura akawekwa mbali ndani ya kizimba. Kisha kila mara akasogezwa kidogo, hata mtoto akampapasa bila hofu. Tena alimweka Peter pamoja na watoto wasiomwogopa sungura, apate kuwaona. Kilichofungamanishwa kwa maumivu kilifunguliwa kwa utaratibu na kwa jambo zuri. Mtoto aliyekimbia chuo hurudishwa kwa njia hiyo, si kwa kufungwa kamba na kuburutwa.

Mlango wa tatu ni wa thawabu na adhabu. Edward Thorndike, Mmarekani, mwaka 1898 alieleza jinsi alivyowafungia paka wenye njaa ndani ya visanduku, na chakula kikawekwa nje. Paka alikwaruza, akauma, akajisukuma huku na huku, mpaka kwa bahati akaigusa kamba au komeo, mlango ukafunguka. Alipofungiwa tena hakufungua papo hapo. Muda wake ulipungua kidogo kidogo. Thorndike akasema kwamba tendo linalofuatwa na raha hukazana, na linalofuatwa na taabu hulegea. Walimu wengi wa wakati ule waliipenda kanuni hiyo, kwani iliwapa mkate kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono wa pili. Lakini katika miaka ya 1930, baada ya majaribio mengi juu ya watu, Thorndike mwenyewe alirudi akasahihisha nusu ya kauli yake: thawabu hukaza tendo, walakini adhabu hailegezi kwa nguvu ile ile. Wanaomtaja kuitetea fimbo yawapasa wamsome mpaka mwisho.

Aliyemfuata, B. F. Skinner, ambaye kitabu chake kikubwa cha kwanza kilitoka mwaka 1938, alifika hapo hapo kwa njia ya panya na njiwa. Alisema adhabu huzuia tendo kwa muda, na adhabu ikiondoka tendo hurejea. Mwaka 1953 alikwenda kutazama darasa la hesabu la binti yake. Aliona watoto wote wakifanya hesabu zile zile kwa mwendo mmoja, waliokwisha wakingoja na wasioweza wakihangaika, na hakuna aliyejua papo hapo kama jibu lake ni sawa. Basi akatengeneza mashine iliyogawanya somo katika hatua ndogo ndogo, ikamjulisha mtoto pale pale kama amepata. Mashine ile si kitu cha lazima. Hatua ndogo na jibu la papo hapo hata mwalimu mwenye ubao na chaki anaweza kuvitoa.

Skinner alivuka mpaka alipotaka kueleza hata lugha kwa thawabu na mazoea, katika kitabu cha mwaka 1957. Mwaka 1959 Noam Chomsky alimjibu kwamba mtoto husema maneno ambayo hajapata kuyasikia wala kuzawadiwa kwayo, akayapanga kwa kanuni ambazo hakuna aliyemfundisha. Mzazi yeyote aliyemsikiliza mtoto wa miaka mitatu ashuhudia hayo. Kuna kazi inayofanyika ndani, ambayo mtu wa nje haioni.

Kazi hiyo ya ndani ndiyo mlango wa nne. Wolfgang Köhler alifika kisiwa cha Tenerife mwaka 1913 kuchunguza sokwe, na vita vya mwaka 1914 vikamzuia huko miaka kadhaa. Sokwe wake mmoja aliitwa Sultan. Tunda liliwekwa nje ya kizimba, naye alikuwa na fimbo mbili zenye uwazi ndani, kila moja fupi mno. Alijaribu asiweze. Akakaa pembeni akizichezea fimbo zake, na ghafula akaingiza ncha ya moja ndani ya nyingine, akakimbia, akalivuta tunda. Hapa muda haukupungua kidogo kidogo kama kwa paka. Mnyama aliona jinsi kitu kimoja kinavyoungana na kingine.

Je, nani mkweli, Thorndike au Köhler? Kila mmoja aliona kwa yakini aliyoyaona, na tofauti ilikuwa katika maswali waliyowauliza wanyama wao. Kisanduku cha paka kilificha jinsi komeo lifanyavyo kazi, na paka hakuwa na njia ila kubahatisha. Vitu vya Sultan vyote vilikuwa wazi mbele ya macho yake. Kadhalika mwanafunzi. Asiyeonyeshwa jinsi mambo yanavyoungana hubahatisha, na mwalimu humwita mjinga kwa kubahatisha. Tena Sultan alipata jibu baada ya kukaa akichezea fimbo zake. Angalikuwa darasani, pengine angaliamshwa kwa kofi.

Jean Piaget, Mswisi, aliyeishi toka mwaka 1896 hata 1980, alianza kwa kazi ndogo mjini Paris ya kuwapima watoto kwa maswali ya akili. Kazi yenyewe ilitaka majibu sahihi yahesabiwe. Yeye akavutiwa na majibu ya makosa, kwa sababu aliona watoto wa umri mmoja hukosea kwa namna moja. Kosa, basi, si upungufu wa akili. Ni akili ya umri ule ikifanya kazi yake. Maji yakimiminwa kutoka bilauri pana kwenda bilauri ndefu nyembamba, mtoto wa miaka minne au mitano husema yameongezeka, na wa miaka minane humcheka. Hakuna aliyemchapa hata akajua. Amejenga ufahamu wake kwa kushika, kumimina na kutazama.

Naye Piaget alisahihishwa. Margaret Donaldson wa Edinburgh, katika kitabu cha mwaka 1978, alionyesha kwamba watoto wadogo huweza zaidi ya alivyodhani Piaget, ikiwa swali limeulizwa kwa maneno na katika jambo wanalolielewa. Mara nyingi mtoto hakosi jibu. Hukosa kufahamu anaulizwa nini.

Mlango wa tano ni wa watu wengine. Lev Vygotsky alizaliwa katika Dola ya Urusi mwaka ule ule wa Piaget, 1896, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37. Alitoa mfano wa watoto wawili ambao, kila mmoja akiachwa peke yake, huweza maswali ya mtoto wa miaka minane. Wakisaidiwa kidogo, kwa kuonyeshwa hatua ya mwanzo au kuulizwa swali la kuwaelekeza, mmoja hufika maswali ya miaka tisa na mwingine ya miaka kumi na miwili. Je, watoto hawa wako sawa? Mtihani wa kawaida husema ndiyo. Vygotsky alisema hapana, kwani mtihani hupima yaliyokwisha kuiva na huacha yanayoiva. Kazi ya mwalimu iko katika nafasi iliyo baina ya yale mtoto ayawezayo peke yake na yale ayawezayo akishikwa mkono.

Na watu hufundisha hata wasipokusudia. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenziwe, katika chuo kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaweka watoto wadogo 72 katika jaribio. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga na kumtukana mwanasesere mkubwa. Walipoachwa na mwanasesere yule, wengi wa walioona hayo walifanya vivyo hivyo, hata kwa maneno yale yale. Hakuna aliyewaamuru wala kuwazawadia. Mwalimu anayefundisha upole kwa mdomo na ukali kwa mkono huwa na masomo mawili kwa saa moja, na la mkono ndilo lishikwalo mbele.

Baada ya milango hiyo mitano, lafaa kutajwa jambo lililochunguzwa katika Afrika na lenye kuwahusu Waislamu. Sylvia Scribner na Michael Cole walikaa na watu wa kabila la Wavai nchini Liberia, wakatoa kitabu mwaka 1981. Wavai wana mwandiko wao wenyewe walioubuni katika karne ya 19. Wengine kati yao husoma Kurani kwa Kiarabu, na wengine wamesoma skuli kwa Kiingereza. Mabingwa hawa walitaka kujua ni kusoma gani kunakonoa akili. Waliosoma Kurani walikuwa mbele katika kukumbuka maneno yanayoongezwa moja moja kwa mfuatano wake, namna ile ile wanavyohifadhi. Walipotakiwa kukumbuka kwa namna nyingine, hawakuwazidi wenzao. Waliosoma skuli walikuwa mbele katika kueleza kwa maneno sababu ya majibu yao. Waliojua mwandiko wa Kivai walikuwa mbele katika kuunganisha silabi zilizotamkwa moja moja. Hakuna kundi lililokuwa na akili kuliko jingine. Kila mmoja alikuwa hodari wa lile alilolizoea.

Hapa ndipo penye kauli ya kushikwa. Kujifunza si kitu kimoja. Kuhifadhi, kuogopa au kupenda, kuzoea tendo, kung'amua, na kuiga ni mambo mbalimbali yenye kanuni mbalimbali, nayo yote hutokea katika mtoto mmoja kwa saa moja. Wajuzi waligombana kwa kuwa kila mmoja alisimama kwenye mlango wake. Mtoto anayeshindwa mlango mmoja hajashindwa nyumba nzima. Anayeshindwa kuhifadhi pengine ndiye mwepesi wa kufahamu maana, na anayehifadhi kama kasuku pengine hajafahamu neno.

Wala mambo haya si mageni katika vitabu vya Waislamu. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufa Cairo mwaka 1406, aliandika katika Mukadima yake, mwaka 1377, kwamba ustadi wowote, ambao yeye aliuita malaka, hupatikana kwa kulirudia tendo mpaka likatulia katika nafsi. Alitaka elimu ifundishwe kwa daraja: kwanza kwa jumla, kisha kwa maelezo, na mara ya tatu kwa utimilifu wake wote, wala mwanafunzi asitupiwe mwanzoni mambo magumu ya mwisho. Na aliweka mlango mzima kuonya kwamba ukali juu ya wanafunzi huwadhuru, hasa walio wadogo. Alisema ukali huua bidii ya nafsi, ukamfundisha mtoto uongo, hila na udanganyifu, kwa sababu anaukimbia mkono unaomtisha. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka mia tano kabla ya nyundo ya Baltimore. Hapo hapo Ibn Khaldun alimtaja Ibn Abi Zayd, mwanachuoni wa Kairawani, kwamba mtoto akilazimika kupigwa asizidishiwe mapigo matatu.

Wako watakaosema, "Wazee walipigwa, nao wakatoka masheikh." Neno hilo lina ukweli nusu. Masheikh hao huonekana, kwa kuwa walibaki. Waliokimbia hawaonekani katika mikutano wala hawahesabiwi, na hakuna ajuaye ni wangapi katika wao wangalikuwa masheikh. Tena waliobaki walikuwa na mengine zaidi ya fimbo: walikuwa na mzazi aliyewadurusisha usiku, na mwalimu waliyempenda juu ya ukali wake. Kuipa fimbo sifa ya kazi iliyofanywa na mapenzi si insafu.

Wako na wengine watakaosema, "Basi kuhifadhi kuachwe, wafundishwe kufahamu tu." Hao nao wameshika mlango mmoja. Kuhifadhi ni hazina, na nani asiyeona fahari mtoto wa miaka kumi abebapo kifuani kitabu kizima? Lakini yapokewa kwamba Masahaba walikuwa wakijifunza aya kumi, wasizivuke mpaka wamejua elimu iliyomo na kuitenda. Kuhifadhi, kufahamu na kutenda vilikwenda pamoja.

Na arejewe sasa yule mtoto wa Jumamosi. Mwalimu wake, kabla ya kuinua mkono, na ajiulize maneno haya. Je, amesahau tu kwa kuwa siku mbili zimepita? Basi apewe dakika chache kila siku za kudurusi nyumbani, Alhamisi na Ijumaa pia, wala asitwishwe yote Jumatano. Je, anaogopa? Basi hofu itolewe kwanza, kwani mtoto mwenye hofu huusikiliza mkono wa mwalimu, hasikilizi ulimi wake. Je, hatua ni kubwa mno? Basi ikatwe mara mbili, na akipata aambiwe papo hapo kwamba amepata. Je, haoni maana? Basi aelezwe kwa lugha ya mama yake, hata kwa maneno machache. Je, anaweza akishikwa mkono? Basi ashikwe, au akae karibu na mwenziwe aliyemtangulia kidogo. Na ikiwa swali halikufahamika, liulizwe kwa namna nyingine.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akisomwa na baba yake robo saa baada ya sala ya magharibi, amedurusi, amejilazimisha kukumbuka, na amemwona mzazi akikiheshimu kitabu. Mambo matatu kwa robo saa moja, wala hayana gharama. Baba asiyejua kusoma pia aweza, kwani kusikiliza hakutaki elimu. Mtoto husoma, baba hufuata kwa sikio, na mtoto hufurahi kuwa mwalimu wa baba yake.

Huenda baada ya yote hayo wakawako watoto wachache ambao kusoma kutawawia vigumu. Hao ndio wanaohitaji subira kubwa zaidi, wala si wa kufukuzwa. Lakini walio wengi katika waitwao wazito hawakupata kupimwa kwa haki. Waligonga mlango mmoja, ukawa mgumu, na hakuna aliyewaonyesha mingine.

Mwenyezi Mungu awape walimu subira, wazazi bidii, na watoto mapenzi ya elimu, na ajaalie asiwepo mtoto hata mmoja katika jumuiya hii atakayekichukia kitabu kwa sababu ya mkono uliokifungua. Amin.